Kitufe cha "Bado Nasubiri"

Foleni ya watu elfu moja mia mbili na arobaini ilipungua kwa theluthi ndani ya miezi minne, na hakuna daktari aliyeongeza upasuaji hata mmoja.

Hakuna aliyepona kwa maombi. Hakuna hospitali mpya iliyofunguliwa jirani.

Watu walipotea tu kwenye orodha, kundi kila mwezi, kimya kimya.

Aliyewapoteza ni mimi.

Kaeni vizuri niwape kisa chote. Sitaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Mimi ni fundi wa tovuti. Sio fundi wa printa, ingawa ukoo mzima hauelewi hilo na kila nikienda kusalimia kuna mtu ananiletea mashine iliyokwama karatasi. Ninachotengeneza mimi ni zile kurasa unazofungua kwenye simu ukitaka kulipia kitu, kujaza fomu au kuomba miadi.

Mwaka jana ofisi yetu ilipata kazi ya kliniki moja ya macho. Kliniki ilikuwa na tatizo la kuchosha. Orodha ya wanaosubiri upasuaji ilikuwa ndefu, lakini muuguzi anayeisimamia akiita jina, mara nyingi mwenye jina haonekani. Kahama. Katibiwa kwingine. Kafariki na familia haikuona haja ya kutoa taarifa. Chumba cha upasuaji kinakaa wazi asubuhi nzima, na huku nje kuna mtu anapofuka.

Tukaja na dawa yake.

Kila mwanzo wa mwezi mgonjwa anapata ujumbe wenye linki. Anafungua, anaona jina lake na namba yake kwenye foleni, na chini yake kitufe kimoja kikubwa cha kijani: "Bado nasubiri". Anabonyeza, basi, kazi imeisha. Akikaa kimya miezi miwili mfululizo, jina linajitoa lenyewe na walio nyuma yake wanasogea.

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema msije mkadhani kuna mtu namsukumia.

Toleo la kompyuta nililijenga kwa njia ya wazee wetu, fomu ya kawaida. Ukibonyeza, brauza, ile programu ya kufungulia kurasa, yenyewe inapeleka jibu. Haina mbwembwe na haikosei.

Bosi alipoiona fomu hiyo kwenye simu alikunja uso. Akasema inafanana na karatasi ya kuomba kibali cha mazishi. Alitaka kitufe kiwe na uhai: ukikigusa kibonyee, kizunguke, kigeuke alama ya vema, halafu kiandike "Asante, tumekupata".

Nami kwa kujifanya kichwa, nikampa zaidi ya alichoomba.

Kwenye toleo la simu niliitupa fomu. Nikachora kitufe, halafu kazi yote nikaikabidhi JavaScript. Kwa asiyejua, JavaScript ni maelekezo yanayosafiri pamoja na ukurasa na kuuambia ufanye nini ukiguswa. Yakifika kwenye simu yako, kitufe kinaamka. Yasipofika, kitufe kinabaki kuwa mchoro tu. Unakiona, kizuri, cha kijani, unakibonyeza na hakuna kinachokwenda popote.

Hilo la "yasipofika" hatukulizungumza hata dakika moja. Tulijaribu kwa simu tano. Zote za wafanyakazi, zote mpya, zote zimeshika Wi-Fi ya ofisi. Kitufe kikazunguka vizuri sana. Tukapeana tano, tukaenda kula.

Bosi wetu alikuwa na kawaida moja. Kila Ijumaa alisimama mbele ya skrini ya ukutani akatusomea namba mbili: makosa yaliyoripotiwa na malalamiko yaliyotumwa. Miradi mingine ilikuwa na kumi na mbili, thelathini, mara nyingine mia. Mradi wangu ulikuwa na sifuri na sifuri.

Wiki ya kwanza sifuri. Mwezi wa pili sifuri. Mwezi wa tatu vilevile.

Alipenda kusema kwamba ukimya ndiyo afya ya mfumo. Tukaitikia, maana mshahara unatoka kwake.

Kliniki nayo ikafurahi. Orodha ilikuwa imeshuka, watu mia nne na kumi na mmoja wameondoka wenyewe, na wanaoitwa sasa wanatokea. Wakaandika barua ya shukrani. Mwezi wa tano nikapewa ukuu wa mafundi na meza ya dirishani. Kichwa kikavimba, siwezi kukataa.

Nilimpigia Mama Mdogo kumpa habari.

Huyu niwaeleze. Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka sita, na mdogo wake ndiye aliyenichukua, akanilea na kunisomesha bila kunifanya nijione mgeni hata siku moja. Mjini kuna mtambo wa uchapaji, na yeye ni msahihishaji pale. Vitabu vya shule, kadi za harusi, kalenda, vyote vinapita mezani kwake kabla ya kuchapwa. Kazi yake ni kutafuta makosa ya watu wengine. Nikiwa mdogo nilimwandikia barua ya siku ya kuzaliwa, akaifurahia, akanibusu, kisha akairudisha imezungushiwa wino mwekundu sehemu saba.

Nilipomwambia nimepandishwa cheo alicheka hadi akakohoa. Akashukuru Mungu, akaniambia nisimsahau Mungu wala nisisahau kula. Hakuuliza kitu kingine.

Mwezi wa sita muuguzi wa kliniki akanipigia.

Ni mwanamke wa maneno machache. Akanieleza kwamba kuna watu wanakuja hadi dirishani kwake kuuliza mbona hawaitwi, na akiwatafuta kwenye orodha hawamo. Tena sio mmoja wala wawili. Na kila mmoja anaapa kwamba alibonyeza.

Nilikuwa natafuna. Sikuacha hata kutafuna. Nikamwambia mgonjwa yeyote ukimuuliza atakwambia amemaliza dozi. Nikamwambia tuna sifuri ya makosa na sifuri ya malalamiko, kwa hiyo aache kubabaishwa na watu wanaopuuza ujumbe halafu wanakuja kulia dirishani.

"Sista," nikamwambia, "mfumo hauna sababu ya kudanganya. Watu wanazo."

Akakata simu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wale wa dirishani kwa muuguzi, kwangu mimi, hawakuwa binadamu bado. Walikuwa kelele.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nikaenda kwa Mama Mdogo. Nilikuwa sijafika kwake tangu mwaka uanze. Kazi, nilikuwa nasema, kazi, kama vile wengine hawafanyi kazi.

Nilimkuta kwenye meza yake karibu na dirisha, mbele yake rundo la karatasi za kitabu cha hesabu. Nilipita upande wake wa kushoto nikamgusa bega. Alishtuka mpaka kalamu ikamtoka. Hakuwa ameniona kabisa, na mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa nimesimama hapo nimejaa.

Nikakaa. Akainuka kunimiminia chai. Akaingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, akamimina polepole, chai ilipofika kwenye kidole akaacha.

Nikamuuliza macho yana nini.

Akasema ni uzee. Nikamwambia Mama, uzee haumfanyi mtu aunguze kidole ili ajue kikombe kimejaa. Akarudi kwenye kiti, akainua karatasi akaisogeza upande wa kulia wa uso, shingo ameipinda, akajifanya anasoma. Nikasubiri. Mwishowe akasema ana presha ya macho. Aligundulika mwaka jana. Anatakiwa apasuliwe, na yuko kwenye foleni.

Nikamuuliza kliniki gani.

"Hiyo yenu," akasema, kwa fahari kabisa. "Hiyo uliyoitengenezea tovuti."

Nikaomba simu yake.

Ilikuwa simu ya zamani, kona imepasuka, betri imeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Nikafungua jumbe. Wa mwezi wa kwanza ulikuwepo. Wa mwezi wa pili ulikuwepo. Baada ya hapo hakuna kitu. Ujumbe wa kumwambia mtu kwamba ametolewa hatukuuandika, bosi alisema tusiwe watu wa kupeleka habari mbaya.

"Nilibonyeza, mwanangu," akasema. "Nimebonyeza sana."

Nikaifungua ile linki. Ukurasa wangu ukaja pole pole. Jina lake, namba yake ya mwezi wa pili, mia mbili na sitini, na chini yake kitufe changu cha kijani.

Nikabonyeza. Hakikubonyea, hakikuzunguka, hakikuandika asante. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara kumi na moja, nilizihesabu.

Nilielewa palepale, na nitawaeleza kwa maneno mepesi. Simu yake ilikuwa na brauza ile ya kubana bando. Ili bando lisiishe, brauza hiyo inazuia JavaScript ikiwa nzito. Na yangu ilikuwa nzito kwa sababu ya kule kuzunguka na kugeuka alama ya vema. Kwa hiyo maelekezo yaliachwa njiani, mchoro ukafika.

Sasa sikieni sehemu iliyonimaliza.

Zile sifuri za Ijumaa zilikuwa zinahesabiwa na nini? JavaScript. Fomu ya malalamiko ilikuwa inatumwa na nini? JavaScript hiyohiyo. Mtu ambaye maelekezo hayakumfikia hakuwa na njia ya kubonyeza, hakuwa na njia ya kulalamika, na kwenye skrini ya ukutani hakuwa hata amefika. Tulikuwa kama mwalimu anayeita majina darasani na kusema asiyekuwepo anyooshe mkono.

Halafu tukashangilia kwamba wote wapo.

Ningependa kuwaambia nililia. Sikulia. Ganzi ilinishika kuanzia vidoleni ikapanda. Nilikuwa namsikia Mama Mdogo akiniuliza kama chai imepoa, nikamjibu iko sawa, nikainywa yote bila kujua ina sukari au haina.

Nikampigia muuguzi pale pale, Jumamosi ile. Sikujitetea. Nilimwambia wale watu walikuwa wanasema kweli, na mmoja wao ni mama yangu. Hakunisuta. Alisema nimlete Jumatatu asubuhi, kabla wengine hawajaanza.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alimulika jicho la kushoto, akamulika tena, akazima tochi.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilikuwa limebakiwa na kipande cha katikati, anaona mbele yake tu, kulia na kushoto giza. Akaeleza kwamba presha ile inaua neva, na neva ikifa haifufuki, upasuaji unaokoa kilichobaki tu. Akafungua faili, akahesabu. Kama asingetolewa kwenye orodha, angeitwa mwanzoni mwa mwezi wa tano, wakati jicho la kushoto lilikuwa bado linaona.

Mwezi wa tano. Mwezi wa meza ya dirishani.

Daktari akamuuliza kwa nini alichelewa kufuatilia. Nilifungua mdomo nijibu, yeye akaniwahi.

"Mambo ya nyumbani tu, daktari," akasema.

Akapangiwa upasuaji Alhamisi. Nikamrudisha kwake, nikaenda ofisini.

Kurekebisha kulinichukua dakika kumi na nane. Niliirudisha ile fomu ya kizamani chini ya kitufe, ili JavaScript ikija ipambe, isipokuja jibu liende hivyohivyo. Nilikuwa nimemwomba Mama Mdogo simu yake. Nikaijaribu na hiyo. Ukurasa ukafunguka upya, bila mbwembwe, ukaandika: Asante, tumekupata.

Dakika kumi na nane. Nimewahi kusubiri kahawa muda mrefu kuliko huo.

Nikaenda kwa bosi nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimesharekebisha. Nikasema ndiyo. Akasema basi, yaishe. Kliniki wasiambiwe, wanaohitaji watajiandikisha upya, na orodha itajijenga yenyewe. Nikamwambia kujiandikisha upya ni kuanzia mkiani, na mkiani ni mwaka mzima. Akanitazama kwa huruma, hivi ndivyo nilivyoona, huruma ya mtu anayemwona mwenzake anavuka barabara bila kuangalia.

"Fundi," akasema, "hiyo meza unayokalia uliipataje?"

Niliinuka. Nilirudi kwenye hiyo meza, nikachapa majina yote mia nne na kumi na mmoja pamoja na namba walizokuwa nazo kwenye foleni, nikaandika barua ya kueleza kosa ni la nani, nikaweka jina langu chini, nikamtumia muuguzi. Kisha nikakusanya chaja yangu na kikombe changu. Sikungoja kufukuzwa. Nilifukuzwa kesho yake kwa simu, kwa ajili ya utaratibu.

Msinipigie makofi. Hakukuwa na ushujaa. Nilikuwa sihisi kitu, na mtu asiyehisi kitu haogopi.

Muuguzi na wenzake wawili walikaa siku tisa wakipiga simu. Waliokuwa bado wanasubiri walirudishwa kila mmoja kwenye nafasi yake, na waliozidiwa wakatangulizwa. Nilimuuliza ni wangapi walikutwa wameshapofuka.

"Hiyo namba sikupi," akasema. "Ukiijua utaizoea."

Alhamisi Mama Mdogo akapasuliwa jicho la kulia. Kilichobaki kikaokolewa. Anaona uso wangu nikikaa mbele yake sawasawa, nikisogea pembeni ananipoteza.

Ijumaa mchana nilikuwa naye wodini. Vitanda sita, feni moja inayolalamika, watu wengi wenye jicho moja lililofungwa pamba wakiuliza saa ngapi. Niliamua kumwambia. Alikuwa hajui ukweli wote, ndivyo nilivyodhani. Nikamweleza tangu fomu niliyoitupa, hadi mzunguko wa kitufe, hadi sifuri za Ijumaa. Nikamwambia jicho lako nimelitoa mimi, Mama. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama nasoma tangazo la mtu mwingine.

Alisikiliza huku anakunja ncha ya shuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba kitufe chako hakifanyi kazi. Tangu siku ya kwanza. Maelezo ya juu yalisema ukibonyeza utaona asante. Nimebonyeza, asante haikuja. Nimesoma makosa ya watu miaka thelathini na moja, nitashindwa kuliona la mwanangu?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. 

Akasema alinipigia siku ileile. Kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, mimi nikaanza kumsimulia kwamba bosi ananipima kwa mradi huu, kwamba lalamiko moja tu linaweza kunikosesha cheo. Hata sikumbuki simu hiyo. Yeye anakumbuka kila neno.

"Basi nikanyamaza," akasema. "Ningeenda dirishani kule kliniki wangeandika, na wakiandika ingefika kwa bosi wako. Nikajiambia ni kosa dogo, tena limenipata mimi peke yangu na haka kasimu kangu. Jicho ni langu, naweza kulitoa. Ningejua tuko wengi, mwanangu, ningepiga kelele mpaka wanitoe nje."

Akapapasa kitandani akautafuta mkono wangu. Ulikuwa upande wake wa kushoto, ikamchukua muda kuupata.

Hapo pia sikulia. Nilikaa nimeushika mkono wake hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, mhudumu akaja kunitoa.

Sasa nina kibarua cha kukagua tovuti za watu wengine. Nina kisanduku cha simu mbovu tupu, nazima JavaScript, nabonyeza kila kitu kwenye ukurasa, na nikikuta kitu kinanyamaza naandika kwa herufi kubwa. Mafundi vijana wananiona mnoko. Sawa tu.

Wewe unayejenga, usijisifu kwa sababu hakuna anayelalamika. Kwanza hakikisha anayeumia ana pa kulalamikia, na pasitegemee kitu kilekile kilichomuumiza.

Na wewe unayebonyeza kitu kikakaa kimya: usiseme ni simu yangu tu, usiseme ni ushamba wangu, usimwonee mtu haya hata kama umemzaa. Sema siku hiyohiyo. Huenda mko wengi, na kila mmoja amenyamaza akidhani yuko peke yake.